Dawa Iliyobaki Kwenye Friji

Sahani ya kumi na nne ilikuwa na matundu. Tusekile Luvanda aliigeuza, akaiinua mbele ya dirisha ili mwanga wa asubuhi upite, akaanza kuyahesabu, kisha akaacha maana yalikuwa hayahesabiki. Jana yake alikuwa amepanda bakteria katika sahani zote kwa namna moja, na kila sahani akaidondoshea maji ya mahali tofauti: ya kisima, ya mto, ya bomba la jikoni, ya choo cha shimo kilichofungwa zamani. Sahani kumi na tatu zilikuwa zimefunikwa na utando mweupe, kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Utando huo ndio bakteria wenyewe, mabilioni, wamezaana mpaka wakakosa nafasi. Sahani ya kumi na nne, ya maji ya choo hicho, ilikuwa imetobokatoboka, na ndani ya karibu matundu yote hapakuwa na dalili ya uhai.

Alikaa chini. Siku kumi na moja alikuwa akikitafuta kitu hicho, na sasa kilikuwa mkononi.

Alichokipata ni kirusi, kidogo kiasi kwamba hakuna darubini katika hospitali ile ya Ilungila ambayo ingeweza kukionyesha. Binadamu hakimdhuru. Kinamtafuta bakteria wa aina moja tu: hujibandika kwenye ukuta wa seli yake, humtoboa, humwingizia jeni zake, na baada ya nusu saa bakteria hupasuka, vikatoka virusi vipya mia moja kwenda kwa jirani. Na bakteria aliyekufa ndani ya matundu yale alikuwa Mlishi, ambaye Tusekile alikuwa naye tumboni, kama alivyokuwa naye kila mtu aliyemfahamu.

Watoto wa Ilungila hawakujua kwamba zamani watu walikula mahindi. Ugonjwa wa kutu uliyamaliza mahindi na ngano miaka ishirini na sita iliyopita, viazi navyo vikaozea ardhini misimu mitatu mfululizo, na nyanda zote za juu zikawa ni kuzika tu. Ndipo wataalamu wa taasisi moja ya mbali walipokuja na kichupa. Walikuwa wamemchukua bakteria wa kawaida wa utumbo wa binadamu, wakampandikizia jeni za vijidudu wanaoishi tumboni mwa mchwa, naye akaweza kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja nyuzi za nyasi na kuzigeuza sukari. Matone matatu mdomoni, basi. Tangu hapo watu walikula ugali wa kijani, unga wa matete na majani ya mianzi, wakapata nguvu, wakaoa na kuzaa. Ng'ombe ndio waliotoweka, kwa kuwa nyasi hazikuwatosha wao na watu.

Wataalamu wale walikuwa na hofu moja: kwamba mtu akitibiwa homa ya matumbo, dawa itamuua Mlishi wake naye afe njaa. Kwa hiyo walimpa Mlishi kinga dhidi ya kila dawa ya bakteria iliyokuwapo duniani. Hawakufikiria kwamba ipo siku Mlishi mwenyewe ndiye atakayekuwa ugonjwa.

Siku hiyo ilikuja na mvua za Machi. Bakteria hupeana jeni kama majirani wanavyoombana moto wa kuwashia jiko, na tumboni mwa mtu asiyejulikana Mlishi alipewa na bakteria mwingine jeni ya kutengeneza sumu. Sumu hiyo ilikuwa inatoboa utumbo. Mtu aliamka tumbo linamkata, jioni akaharisha damu, na siku ya tano au ya sita akazikwa. Asubuhi hiyo ya matundu, Jumamosi, wodini kulikuwa na wagonjwa sitini na wanne. Mmoja wao alikuwa mama yake Tusekile.

*

Daktari mfawidhi, Gwamaka Mwasomola, aliitwa akaja mbio maabara, koti halijafungwa. Alipoyaona matundu alishika meza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na Tusekile akajua kwamba mtu huyu mzima anazuia machozi. Kisha akaanza kupanga: nani apewe kwanza, kwa kijiko au kwa mpira wa puani, dozi ngapi zingepatikana hadi mchana. Tusekile alimwacha amalize, akamsogezea sahani.

Nusu ya kushoto alikuwa amepanda Mlishi wa mgonjwa, mwenye sumu. Nusu ya kulia alipanda Mlishi wake mwenyewe, mzima. Matundu yalikuwa pande zote mbili.

“Hakijui kuchagua, Daktari,” alimwambia. “Kuna kitu kama mpini kwenye ukuta wa Mlishi, ndipo kirusi kinaposhika. Mwenye sumu anao, asiye na sumu anao. Mgonjwa akikinywa leo, kesho atakitoa chooni.”

Hakuhitaji kuendelea. Shimo la maji machafu la hospitali lilikuwa limepasuka tangu mvua zianze, na kila kilichoingia humo kilichuruzika hadi mto Ilangali. Watu laki sita walikunywa maji ya mto ule, bila kuwahesabu wa bondeni. Amri ya kuchemsha maji ilikuwa imetangazwa, lakini kuni zilikuwa zimelowa na kila mtu alijua nani anachemsha na nani anasema amechemsha. Kirusi kingefika bondeni kwa siku mbili. Baada ya wiki hakungekuwa na Mlishi ndani ya tumbo la mtu yeyote. Watu wangekula ugali wao, wangeshiba, na bado wangekonda mpaka wafe, sahani ikiwa imejaa mbele yao.

Daktari aliinamia sahani tena. Halafu akauliza kile ambacho Tusekile alikuwa amekiona kabla hajamwita: vile vitone vitano vyeupe ndani ya matundu, upande wa kulia, ni nini?

Hao walikuwa walionusurika. Kati ya mabilioni, watano walizaliwa na kasoro katika jeni ya mpini, kirusi kikakosa pa kushika, nao wakaendelea kugawanyika, mmoja kuwa wawili, wawili kuwa wanne, hadi wakaonekana kwa macho. Wakikuzwa wakanyweshwa watu wote, kirusi kingeweza kuachiwa bila kumwua mtu kwa njaa. Ila mpini ule Mlishi hakupewa bure. Ndio mlango anaopitishia sukari. Aliyeupoteza kabisa hana mlango, na yeye na mtu anayembeba watakufa njaa pamoja. Ilibidi kila kitone kiwekwe kwenye chupa ya unga wa matete, kisubiriwe siku nne kionekane kama bado kinameng'enya, halafu kikuzwe siku mbili.

“Siku sita,” alisema Daktari.

“Sita.”

Daktari hakukubali, na hoja zake hazikuwa za kijinga. Alisema kwa siku sita wodi nzima itakuwa imeisha na wengine watakuwa wamejazana vitandani mwao. Alisema wape wagonjwa kirusi leo, na vitone vikikomaa wiki ijayo, wape watu Mlishi mpya. Wiki moja ya njaa hata mtoto anaivumilia. Tusekile alimuuliza, je, vitone vyote vitano vikiwa vimepoteza mlango? Hapo kirusi kiko mtoni, nasi hatuna kitu mkononi. Daktari alisukuma sahani kando. Alikwenda kwenye redio akawaeleza wakubwa wa mkoani kila kitu kwa utaratibu, mara mbili, akasubiri saa nzima, akarudi na majibu kwenye kipande cha karatasi. Walikuwa wamesema: tumieni busara.

“Nikikuamuru, utanipa?” alimuuliza.

Tusekile alikifungia kirusi kwenye friji kwa ufunguo, akautia mfukoni. “Hapana,” alisema.

*

Mama yake aliitwa Ambwene, lakini kwa watu wa Ilungila alikuwa Mama Matone. Alikuwa muuguzi kijana wakati wa njaa, na ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na kile kichupa, akiwafungua watoto midomo kwa kidole na kuwahakikishia mama zao kwamba hakuna ubaya. Nusu ya wagonjwa waliolala kandokando yake walikuwa wamepewa Mlishi na mkono wake.

Jumapili asubuhi Tusekile alipomkalia kitandani, mama alimtazama mara moja tu usoni akasema, “Umepata.”

Alijaribu kukana. Mama aliyefanya kazi hospitali miaka thelathini hadanganyiki hivyo. Mwishowe alimweleza yote kwa sauti ya chini, kirusi, mpini, mto, vitone vitano. Alitegemea jambo fulani, ingawa baadaye aliona aibu kulikumbuka: alitegemea mama amwambie kwamba amefanya sawa. Mama alimshika kifundo cha mkono.

“Nipe mimi tu,” alisema. “Mmoja tu, mwanangu. Nitajisaidia kwenye beseni, wewe mwenyewe utalichoma moto.”

“Mama.”

“Naogopa, Tusekile. Nimewaona wenzangu wanavyokwenda. Mimi siwezi kwenda vile.”

Tusekile alirudi maabara. Alifungua friji, akavuta kirusi mililita mbili kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akaliweka katika mfuko wa koti. Njiani alijiambia kwamba mililita mbili si kitu, kwamba beseni moja linaweza kuchomwa, kwamba atalala pale pale chini ya kitanda na hakuna mtu mwingine atakayeligusa. Aliingia wodini mkono ukiwa mfukoni. Mama aliuona mkono, akajinyanyua kidogo kwa kiwiko na kufungua mdomo, kama ambavyo yeye aliwafungua wengine.

Wakati huo mfanyausafi, Bi Skola, alikuwa akitoka na shuka za kitanda cha jirani, zinadondosha maji machafu. Aliziburuta kwenye veranda, akazikamulia kwenye mfereji, akajifuta mikono kwenye kanga, akamwinua mtoto wa mgonjwa mmoja aliyekuwa akilia mlangoni na kumpa biskuti ya nyasi kwa mkono uleule. Alifanya haya yote kwa huruma na haraka, kama alivyofanya siku nzima, kila siku. Hata kama Tusekile asingesinzia usiku na mchana, mikono kama ile ilikuwa mingi.

Alitoa mkono mfukoni, mtupu.

Mama alifumba mdomo. Alijilaza taratibu, akageukia ukutani. Siku mbili zilizofuata Tusekile alimbadilishia nguo na kumlowesha midomo, na mama alikubali kuhudumiwa kama mtu anavyokubali kuhudumiwa na muuguzi asiyemjua. Alikufa Jumatano, muda mfupi baada ya chakula cha mchana. Alikwenda vilevile kama wenzake.

*

Jumatano hiyohiyo alasiri, kaburi likiwa bado linachimbwa, Tusekile alikwenda kuziangalia chupa tano. Unga wa matete ukimeng'enywa hugeuka maji ya rangi ya chai, na ukibaki mzima hukaa chini kama matope ya kijani. Chupa ya kwanza ilikuwa matope. Ya pili matope. Ya tatu ilikuwa matope na harufu ya kuoza. Aliishika ya nne akaona imebadilika kidogo, nusu tu, kwa hiyo haikufaa. Aliogopa kuigusa ya tano. Alikwenda akanawa mikono, akarudi, akaiinua. Maji ya rangi ya chai yalitikisika ndani ya chupa, safi mpaka chini.

Alilia wakati huo, si makaburini.

Kilichobaki ni kuwakuza. Bakteria mmoja akilishwa vizuri hugawanyika kila dakika ishirini, na kwa siku moja idadi yake huwa haiandikiki, ili mradi pawe na chombo, joto na hewa. Chombo kilikuwapo: kiwanda cha maziwa kilichofungwa tangu ng'ombe waishe kilikuwa na matangi matatu ya chuma. Cha kukorogea ndicho kilichokosekana, mashine zilishaliwa na kutu. Walimwita Ezron Mahenge, seremala, ambaye mke wake Lusungu alikuwa wodini siku ya tatu.

Ezron alichonga miiko mitatu mirefu kama makasia, akaifunga kwenye mihimili na kuiwekea mipini ya kuzungushia. Alifanya kazi Jumatano hadi jioni na Alhamisi kutwa, akitoka mara moja moja kwenda kusimama kwenye dirisha la wodi. Hakuuliza ni dawa gani. Aliambiwa itawasaidia watu, akakoroga. Alhamisi saa kumi alirudi kutoka dirishani, akashika mwiko akaendelea kukoroga, na ilikuwa muda mrefu kabla Tusekile hajagundua kwamba mke wake ameshafariki.

“Nenda nyumbani, kaka Ezron,” alimwambia.

“Nikienda nitakaa na nani?” alisema, na mkono wake haukusimama.

Ufunguo wa friji ulikuwa katika mfuko wa Tusekile. Alisimama upande wa pili wa tangi, hatua tatu kutoka kwa mtu yule, akakosa ujasiri wa kumweleza.

*

Ijumaa asubuhi watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule, kila mmoja na kikombe chake. Mpango ulikuwa wazi. Wazima wangekunywa Mlishi mpya kwanza, madumu yangepelekwa kwa magari hadi vijiji vya bondeni, na mara redio itakapothibitisha kwamba yamefika, jioni ya Jumapili, wagonjwa waliobaki wangepewa kirusi. Daktari Mwasomola alikuwa hajalala siku mbili. Alimvuta Tusekile kando, akamwomba awaambie watu kwamba dawa imepatikana leo. Si uongo mkubwa, alisema. Wakijua ilikuwapo tangu Jumamosi hawatakunywa, watavunja vikombe, na wasipokunywa kila aliyekufa amekufa bure.

Huenda alikuwa na haki. Tusekile aliwatazama watu wale wakiwa na vikombe vya bati na vya plastiki. Wengi wao walishafunguliwa midomo mara moja na mtu waliyemwamini, na mtu huyo naye alikuwa akiwaambia alichoambiwa. Alipanda kwenye benchi akawaeleza. Alieleza Mlishi ni nini na sumu aliipataje. Alieleza kirusi, na kwamba alikipata Jumamosi asubuhi, na kwamba kilikuwa kwenye friji siku zote hizi, na ufunguo anao yeye. Alieleza kwa nini. Alisema tangu Jumamosi wamekufa watu arobaini na mmoja. Hakusema habari za mama yake, maana aliona angekuwa anaomba kuhurumiwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha. Kulikuwa na mtu mmoja mmoja aliyeanza kuondoka, kisha familia nzima, mwanamke mmoja akakitupa chini kikombe chake kitupu. Ezron alikuja mbele, akipita katikati ya watu waliompisha. Vumbi la mbao lilikuwa bado limemganda kwenye nyusi.

“Hawa unaotunywesha leo, wamefaa?” aliuliza. Aliuliza polepole, kama mtu anayepima ubao kabla ya kuukata.

“Mmoja kati ya watano. Amefaa.”

“Kwa hiyo ungempa Lusungu siku aliyolazwa, angepona. Na sisi tungeshinda na njaa wiki moja, halafu tungekunywa hiki.”

“Ndiyo,” alisema Tusekile. “Kwa jinsi ilivyotokea, ndiyo. Sikujua kwamba itatokea hivi.”

“Lakini ungempa, angepona.”

“Angepona.”

Ezron alitikisa kichwa taratibu. Alimtazama Daktari, akalitazama lile dumu, akageuka akazitazama nyuso za watu waliosimama nyuma yake wakingoja aamue, maana wote walijua aliyefiwa jana ni nani na aliyekoroga ni nani. Akanyoosha kikombe. Tusekile alimimina, mengine yakamwagika kwenye vidole vya Ezron. Ezron alikunywa yote bila kupumua, akakikung'uta kikombe.

“Nimekunywa kwa sababu nina watoto wawili nyumbani,” alimwambia. “Kuanzia leo tukikutana njiani, usinisalimie.”

“Nimesikia,” alisema Tusekile.

Ezron alipita. Nyuma yake mwanamke aliyekitupa kikombe alikuwa amekiokota, anakifuta kwa upindo wa kanga. Hakumtazama Tusekile usoni. Alinyoosha mkono wenye kikombe, na wa nyuma yake akasogea.